Mitarumbeta yangu miwili haizai mbegu, nifanyeje nipate rangi mpya?

Swali: Shikamoo mama. Niko Buswelu hapa Mwanza, nina mitarumbeta miwili ya maua meupe, ile inayoning'iniza maua na kunukia usiku. Jirani alinikatia matawi nikayapanda siku moja. Inatoa maua vizuri tu ila sijawahi kuona mbegu hata moja, nimechukua unga wa huu nikapaka kwa ule, kikonyo kinanyauka kinaanguka. Sasa ndugu yangu kaniletea tawi la njano kutoka Bukoba, na kuna picha nimeona za nyekundu, nayo naitaka. Nataka nichanganye nipate maua yangu mwenyewe, naanzia wapi? Alafu kiangazi majani yanakuwa na vidoti na maua yanapukutika. Na mama mkwe anasema huo mti ni sumu niung'oe kwasababu nina watoto wadogo, ni kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Naanza na la mama mkwe maana hilo haliwezi kusubiri mpaka mwisho wa barua. Mama mkwe yuko sahihi. Ni sumu mti mzima, mzizi, shina, jani, ua, mbegu ndo usiseme, na hata maji ya chombo ulichowekea maua. Huu mti ni wa ukoo mmoja na nyanya, pilipili na tumbaku, ila wenyewe umebeba sumu ziitwazo atropini na skopolamini kwa wingi. Mtoto akila, mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, moyo unaenda mbio, anaanza kuongea vitu havieleweki na kuona vitu ambavyo havipo. Ukiona hivyo usimpe maziwa wala usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali muda huohuo na uende na kipande cha huo mti daktari akione. Na vijana wanaoambiana kuchemsha maua yake wanywe wajione wanapaa, hao wambie bila kumung'unya maneno kwamba watu wanakufa.

Je ung'oe? Hilo mkae mzungumze nyumbani. Ushauri wangu mimi ni huu, kama una mtoto anayetambaa au ambaye bado anaweka kila kitu mdomoni, hiyo miti isikae sehemu anayochezea, basi. Hamishia nyuma ya uzio, au mpe mtu mwenye uwanja akutunzie mpaka mtoto akue, matawi yake yanashika kirahisi mno utapanda upya hata miaka mitatu ijayo. Kama watoto wameshaelewa wakiambiwa, waoneshe mti wenyewe, wagusishe macho sio mikono, wajue. Maua yanayodondoka okota kila asubuhi. Mbuzi wasiufikie. Na matawi unayopunguza usiyafanye kuni wala usiyatupe mtoni au pembeni ya ziwa, yakikuta unyevu yanaota hapohapo na mwisho wake yanaziba kingo za vijito.

Wewe mwenyewe unapokata au kuchavusha vaa glavu, zile nyembamba za duka la dawa zinatosha, na usijifikiche jicho. Utomvu ukiingia jichoni mboni ya hilo jicho moja inapanuka, unaona ukungu siku nzima na zaidi, na watu wanakimbilia hospitali wakidhani ni kiharusi.

Haya, sasa tuje kwenye mbegu, hapa ndo penye utamu.

Umesema yote miwili ni matawi ya mti wa jirani. Basi jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali bila kujua. Huna miti miwili, una mti mmoja uliosimama sehemu mbili, kama fotokopi mbili za karatasi moja. Na mitarumbeta mingi hii ya maua meupe inakataa chavua yake yenyewe, yani unga ukitua kwenye ua la mti uleule, au la mti uliokatwa kutoka kwenye mti uleule, ua linautambua kuwa ni wa kwake na linaukatalia njiani. Kwahiyo ungepaka mpaka mwakani kikonyo kingenyauka vilevile. Na jirani yako naye kwa uwezekano mkubwa alikatiwa na mtu, na huyo alikatiwa na mtu, unaweza kukuta mtaa mzima na mitaa ya jirani hakuna mtarumbeta hata mmoja ulioota kwa mbegu, wote ni tawi la bibi mmoja wa zamani. Ndo maana hamuoni matunda.

Na sio kwenu tu. Kwao ni Amerika ya Kusini, aina nyingi ni za milima ya Andes na moja inatoka kusini mashariki mwa Brazil, na huko kwao kwa karne nyingi watu wameutembeza kwa matawi kutoka bustani kwenda bustani, mpaka leo shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, limeziorodhesha aina zote saba kuwa zimetoweka porini. Yani zimebaki mikononi mwa watu kama mimi na wewe. Mtu anayepata mbegu za kweli anafanya jambo la maana, usilichukulie ni mchezo wa uani.

Kwahiyo lile tawi la njano la Bukoba ndo dhahabu yako, litunze kuliko hata hiyo meupe. Ila kwanza tuweke sawa habari ya nyekundu. Hizi aina saba zimegawanyika makundi mawili. Kuna za joto, ambazo kitaalamu ni suaveolensi, aurea, vesikola na insignisi, humo ndo unapata nyeupe, njano, pinki na ile ya rangi ya embe bivu. Alafu kuna za baridi, aborea, sanguinea na vulkanikola. Nyekundu yenyewe unayoiona kwenye picha, ile yenye mdomo mwekundu na shingo ya njano, ni sanguinea, inataka usiku wa baridi ya milima ya juu sana, sisi hapa ziwani tuko kama mita 1,140 tu kutoka usawa wa bahari na usiku wetu ni wa joto, itadumaa na kusononeka. Haina hata harufu, kwao inachavushwa na ndege wadogo wanaofyonza nekta. Na kubwa zaidi, makundi haya mawili hayazaliani kwa njia ya kawaida, kwahiyo ukitegemea kuchanganya nyeupe yako na nyekundu utapoteza msimu. Achana nayo. Pinki na rangi ya embe unaweza kuzifikia, hizo zifukuzie.

Uitambue nyeupe yako ni ipi. Ua la suaveolensi halining'inii wima kabisa, linaelekea pembeni kidogo, na ukichungulia ndani zile kamba tano zenye unga zimegandana vichwa pamoja. Vesikola inaning'inia wima moja kwa moja, ni ndefu kweli inaweza kufika sentimita 50, linafunguka jeupe alafu siku zinavyoenda linageuka pinki au pichi, na vichwa vya unga vimeachana. Aurea ni nyeupe au njano, vichwa vimeachana. Na kuna chotara maarufu anaitwa kandida, yeye ni mtoto wa aurea na vesikola, hiyo nayo imesambaa sana mabustanini. Usijisumbue sana na majina, cha maana ni kwamba zote hizi zinaoana.

Kuna watu watakuletea mnanaha wakwambie nao ni tarumbeta. Ule ua lake linaangalia juu na tunda lina miba, ni binamu tu, hauchanganyiki na huu. Tunda la mtarumbeta ni laini, refu, halina mwiba hata mmoja.

Sasa lile tawi la njano, kabla hujaanza kuota ndoto za mbegu lazima kwanza litoe maua, na hapa watu wengi wanakaa miaka wakilalamika. Mtarumbeta unapanda juu na shina moja mpaka ufike sehemu unagawanyika pande mbili, inakuwa herufi Y. Chini ya hiyo Y hautoi ua. Maua yanaanzia kwenye Y kwenda juu. Ukikata tawi kutoka juu ya Y linaendelea na tabia ya kutoa maua, litakupa mapema na mti unabaki mfupi. Ukikata kutoka chini ya Y linaanza safari upya, lijenge shina, lipande, ligawanyike, ndipo. Unajuaje umeletewa lipi? Shika jani moja uliangalie pale linapokutana na kikonyo chake. Kama pande mbili za jani zinakutana sawasawa, hilo limetoka chini. Kama upande mmoja unaishia juu na mwingine umeteremka zaidi kwenye kikonyo, jani limekaa limepogoka, hilo ni la juu, furahi. Kama majani yalidondoka njiani subiri yachipue uangalie.

Lipande kwenye kopo la lita moja au ndoo iliyotobolewa chini, mchanga na samadi iliyooza vizuri nusu kwa nusu, kivulini, udongo uwe na unyevu bila kulowa. Likishachangamka hamishia ardhini.

Ardhi yetu hii sasa. Kama uko kwenye luseni, yani udongo wa kichanga, maji yanapita tu, chimba shimo pana la futi mbili, jaza samadi na mboji, juu tandaza majani makavu au magugu maji yaliyokaushwa, yanashika unyevu vizuri sana. Kama uko kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, inabidi upande kwenye tuta, huu mti unapenda maji ila mizizi ikikaa kwenye tope inaoza. Usiupande umeegemea jiwe. Najua Mwanza kila uwanja una jabali lake na linapendeza, lakini jabali linakaa na joto la jua mpaka usiku, na mti unanyauka. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi, na kuanzia saa nane nyumba yenyewe iufunike na ikinge upepo wa ziwani ambao mchana unapiga kweli na kuchana hayo maua.

Huu mti ni mlafi. Debe la samadi iliyooza kila baada ya miezi miwili na majivu ya kuni kidogo, au NPK kijiko kimoja cha chakula kila wiki mbili wakati wa mvua ukizungushia mbali na shina alafu umwagilie. Ukimpa CAN au urea peke yake utapata majani ya kufunikia sambusa lakini maua hakuna. Mapanki, ile mifupa ya samaki ya Kirumba, watu wanayafukia, sawa, mbolea nzuri, ila yafukie chini kabisa au yapitie kwanza kwenye mboji, la sivyo mbwa wa mtaa mzima watachimbua mti wako.

Kuchavusha kwenyewe sasa.

Mama ni nani baba ni nani? Jaribu pande zote mbili, njano kuwa mama wa nyeupe, na nyeupe kuwa mama wa njano, maana kuna miti inakubali kutoa unga ila kubeba tunda haitaki. Chagua tumba ambalo limeshavimba, limeanza kulegea mdomoni, unaona kabisa leo jioni au kesho litafunguka. Lazima uliwahi kabla halijafunguka, maana likishatoa ile harufu saa moja usiku nondo wanakuja, hasa yule nondo mkubwa ambaye kiwavi wake ana pembe mkiani na anakula majani ya viazi vitamu, ulimi wake ni mrefu anapenda maua yenye shingo ndefu, anaweza kukuletea unga usioujua.

Saa kumi na moja jioni, glavu mkononi, chana tumba kwa pembeni kwa kucha au wembe, taratibu, usiguse katikati. Ndani utaona vijiti vitano vyenye vichwa virefu vya unga, na katikati yao kijiti kimoja kirefu zaidi ambacho ncha yake ni ya kijani kijani na inanata ukiigusa. Hicho cha kunata ndo pa mama. Vile vitano vya unga ving'oe kwa kibano cha nyusi vyote. Kinadharia ungeweza kuviacha kwasababu ua linakataa unga wake, ila mimi nataka kuwa na uhakika, na mti mmoja mmoja unaweza kuwa na tabia tofauti.

Alafu nenda kwa baba, ua lililofunguka jana au leo, kata kijiti kimoja cha unga, kiangalie kwenye mwanga, lazima kiwe kimepasuka na unga unatoka, na kama ni mkavu unashika kwenye glavu. Ukiona kimelowa na mvua kiache. Pangusa kwenye ile ncha ya kunata mpaka ibadilike rangi kwa unga. Funga mdomo wa ua kwa kipande cha chandarua au mfuko wa karatasi na uzi, usitumie rambo, joto litaivisha kila kitu humo ndani. Kwenye kikonyo funga uzi wa sufi na lebo, mama nani, baba nani, tarehe. Lebo kata kwenye kopo la plastiki la maziwa mgando na uandike kwa penseli, kalamu inafutika na mvua. Usipoandika utasahau, nakuhakikishia.

Kosa ambalo watu wanafanya baada ya hapo ni kulikata ua likianza kunyauka ili pawe pasafi. Usilikate! Ua linaning'inia, ile ncha ya kunata iko chini mdomoni, na kitumba cha mbegu kiko juu kabisa karibu na kikonyo. Kila punje ya unga inabidi iote mrija mwembamba upande juu urefu wote huo wa ua mpaka uzifikie mbegu. Inachukua muda. Liache ua lidondoke lenyewe. Likidondoka, tazama kilichobaki kwenye kikonyo, kama kikonyo kimenenepa na kitumba kinabaki kijani wiki mbili tatu, umefanikiwa. Kama kina rangi ya njano pale kinapoungana na tawi, kitaanguka. Usikate tamaa, fanya maua mengi, kudondoka kwa mengi ni kawaida.

Tunda linachukua miezi minne mpaka sita, mara nyingine zaidi. Ndo maana nakushauri uchavushe mwezi wa nne au wa tano wakati masika inaelekea mwisho, mti umeshiba na kuna mawingu. Tunda litakaa mtini kiangazi chote, mwezi wa tisa au wa kumi linaanza kugeuka njano au kahawia na kusinyaa, unalivuna, na unapanda mbegu mvua za vuli zinapoanza. Ila kubali kumwagilia mti kila siku juni mpaka septemba, ukiuachia kiu unautupa mzigo.

Na hilo linajibu la kiangazi. Vidoti vya njano, na ukigeuza jani chini kuna utando mwembamba na vitu vidogo vinatembea, ni utitiri. Unapenda mti wenye kiu na vumbi. Rushia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo, alafu maji ya sabuni ya kipande kidogo au mafuta ya mwarobaini, chini ya jani sio juu, na usipulize jua limewaka. Ukiona wadudu weupe wanaruka ukigusa tawi hao ni nzi weupe, dawa ni ileile. Maua kupukutika ni kiu na upepo. Majani yakilala mchana usikimbilie ndoo, ingiza kidole udongoni kwanza, kama kuna unyevu yatasimama yenyewe jioni. Na kama una nyanya au pilipili bustanini usizipande jirani na hii miti, zinaambukizana virusi, na kisu ukitoka huku kioshe kwa sabuni kabla hujaenda kule.

Mbegu za kundi hili zimevaa ganda nene laini, jepesi kama kizibo. Loweka siku nzima, menya lile ganda kwa kucha bila kuumiza kiini, panda nusu sentimita kwenye mchanga mchanganyiko wenye unyevu, kivulini chenye joto. Wiki mbili mpaka nne zinachomoza. Hapa glavu ni lazima kuliko popote, na usifanyie kazi hiyo jikoni.

Miche ikiota usitarajie ifanane. Kila mbegu ni mtoto wake, tunda moja linaweza kukupa nyeupe, krimu, njano mpauko, na mmoja ambaye hukumtegemea. Watatoa maua baada ya mwaka hivi au miwili. Kama nafasi ni ndogo, anza na miche kama kumi, ile dhaifu au yenye majani yaliyokunjamana iondoe mapema. Usihukumu mche kwa ua la kwanza, mara nyingi linakuja dogo na rangi haijakaa, subiri awamu ya pili au ya tatu. Ukipenda mmoja, kata matawi juu ya Y na umzidishe kwa njia hiyo, maana ukipanda mbegu zake hutampata yeye tena. Na kama kizazi cha kwanza wote wamekuja wapauko, warudishie kwa yule wa njano, au oanisha ndugu kwa ndugu, ila ndugu wengine watakubaliana na wengine watagomeana kwasababu ileile ya kujitambua, kwahiyo ukigonga mwamba kwa wawili badilisha jozi.

Wakati unasubiri njano ikue, ulizia watu wa Lushoto, Arusha, popote mbali na mtaa wenu, wakupe nyeupe ya kwao au pinki. Tawi linasafiri siku mbili tatu ndani ya gazeti lililolowa bila shida. Andika kwenye hilo gazeti ni sumu, dereva wa basi na makonda nao wana watoto.